Sauti ya Babu na Laptopu Iliyogoma Nansio

Najua nilipotea. Wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika, na yupo mmoja aliyeuliza kama nimeoa. Sijaacha, na sijaoa. Nilikuwa na jambo ambalo kila nikilianza naliacha njiani, kwa sababu nusu yake ni habari ya kompyuta na nusu yake ni habari ya msiba, nikawa sijui nianzie wapi. Leo naanzia kwenye msiba, kisha tutafika kwenye kompyuta. Vumilieni.

Babu yangu mzaa mama alifariki mwanzoni mwa Machi 2025, kijijini kwake, mwendo wa kama dakika ishirini kwa pikipiki kutoka Nansio. Kwa msiofika huko, Nansio ndio makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, na Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria. Kutoka Mwanza mjini unapanda meli na kukaa majini masaa matatu na ushehe, ukila karanga na kusikiliza watu wakibishana mpira. Ukishuka bandarini unakutana na harufu ya dagaa na machungwa. Mimi nilikulia Mwanza, lakini kila likizo ya shule nilipelekwa huko "nikajifunze kazi". Kazi yenyewe ilikuwa kulima mihogo na kusikiliza hadithi za Babu.

Krismasi ya 2024 nilikwenda na nia moja tu: kumrekodi. Sitaki mniheshimu bure, wazo halikuwa langu. Lilinijia kwa sababu ya mwana mwingine wa kisiwa hicho, Aniceti Kitereza. Wengi wenu mmelisikia jina lake darasani, likapita. Mzee huyu aliandika riwaya yake kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa katika lugha ile. Ikabidi baadaye aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwaka uliofuata, 1981, mzee akafariki. Hebu pigeni hesabu: kutoka 1945 hadi 1980 ni miaka 35 maandishi yanasubiri. Miaka 35 ambayo moto mmoja wa jikoni, au mvua moja ya masika kwenye paa bovu, ingetosha kumaliza kila kitu.

Nilipokuwa SAUT nikisoma uandishi wa habari, jambo hilo lilinisumbua kuliko riwaya yenyewe. Nikajisemea, Babu yangu hajui kuandika kitabu, lakini anajua kusema. Na mimi nina simu.

Basi nikamrekodi, vikao vitatu chini ya mwembe. Cha kwanza kilikuwa saa moja na dakika kumi, kuhusu utoto wake na jinsi walivyokuwa wakivuka kwenda Ukara kwa mtumbwi wa kasia. Cha pili dakika 52, kuhusu pamba, chama cha ushirika, na njaa fulani ambayo hakutaka kuieleza sana. Cha tatu alianza kunisimulia jinsi alivyomposa Bibi. Hapo ndipo alipokuwa mtamu kuliko siku zote, anacheka peke yake, anachanganya Kikerewe na Kiswahili, mpaka ikafika dakika ya 47 simu ikaniambia nafasi imejaa. Nikamwambia, "Babu, simu imejaa." Akasema, "Kwani imekula nini?" Tukacheka. Akasema hakuna tabu, tutamalizia Pasaka.

Usiku ule nilihamisha zile rekodi kwenye laptopu, nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi. Na hapo, wadau, ndipo uzembe wangu ulipoanzia. Sikuziweka kwenye flashi. Sikuzipakia mtandaoni, nilisema nitapakia nikipata bando la usiku. Januari ikapita na bando zake, Februari ikapita na bando zake. Machi Babu akaondoka, Pasaka haijafika.

Arobaini ikapangwa Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Mjomba wangu mkubwa akanipigia simu: "Mjomba, nasikia una sauti ya mzee. Njoo nayo. Tunataka watu wamsikie." Nikajibu, "Ndiyo mjomba, ninayo," kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Kumbe uhakika wangu wote ulikuwa umelala ndani ya laptopu moja ya mtumba, diski moja, folda moja.

Nilifika Nansio Alhamisi. Nilipewa na kazi ya pili, kuchapa karatasi za ratiba ya misa na nyimbo, nakala sitini. Nikaingia steshenari moja karibu na soko. Kompyuta ya pale ilikuwa imezungukwa na vijana wanaoandika barua za kuomba kazi, foleni mpaka nje. Dada mwenye duka akaniambia kama nina haraka nichomeke waya wa printa kwenye laptopu yangu mwenyewe. Nikachomeka. Laptopu haikuitambua ile printa, ilikuwa ya zamani sana, inahitaji draiva yake. Dada akasema, "Kaka subiri, nikimaliza na hawa nitakutafutia CD yake." Mimi, mwandishi wa habari, mtu wa mjini, nisubiri CD? Nikawasha intaneti ya simu, nikaandika jina la printa, nikabofya tovuti ya kwanza iliyojitokeza, nikapakua, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ikaniomba nizime na kuwasha upya. Nikazima.

Haikuwaka.

Yaani iliwaka, ila haikufika. Vile vidoti vinavyozunguka vilizunguka, vikazunguka, kisha skrini ikawa ya bluu, ikajizima, ikaanza tena vidoti. Nikaiacha dakika kumi. Ni yale yale. Nilihisi jasho linanishuka mgongoni na wala hapakuwa na joto, nje kulikuwa na mawingu ya masika. Sikuwa nawaza ratiba tena. Nilikuwa nawaza ile folda. Nilikuwa nawaza Mjomba.

Kijana mmoja fundi simu wa kibanda cha jirani akaja kuangalia, mikono mfukoni. Hakuigusa hata. Akasema, "Broo, hii ni ya kupiga Windows tu. Elfu ishirini, jioni unachukua."

Nikamuuliza, "Na mafaili yangu?"

"Yanaenda."

"Yanaenda wapi?"

"Yanaenda tu."

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike. Kote nilikopita, Mwanza na Dar, dawa ya kwanza ya kompyuta iliyogoma ni hiyo hiyo: piga Windows. Kupiga Windows maana yake diski inafomatiwa, mfumo mpya unawekwa, na kila ulichokuwa nacho kinafutwa, isipokuwa fundi awe mwungwana wa kukuhamishia mafaili kwanza. Simlaumu yule kijana. Ni dawa ya haraka, inampa uhakika, na wateja wengi wanalipa bila kuuliza. Lakini ni sawa na mlango umegoma kufunguka, ukabomoa nyumba ujenge upya.

Na niwaambie ukweli, nilishaanza kukubali. Nilishaingiza mkono mfukoni. Mtu mwenye hofu hulipa upesi.

Aliyeniokoa ni yule dada wa steshenari. Alisema bila kuinua macho kwenye karatasi alizokuwa anabana pini: "Kaka, usimpe. Ngoja kwanza tuone kama ina pointi ya kurejea."

Sasa twende darasani kidogo. Windows ina kitu kinaitwa System Restore. Kilianza kwenye toleo la Windows Me mwaka 2000, kikaja kwenye XP mwaka 2001, na kipo mpaka leo kwenye Windows 11. Kazi yake ni hii: kila baada ya muda, na mara nyingi kabla hujaweka programu kubwa, draiva au sasisho, kompyuta inaandika kumbukumbu ya hali yake ilivyo. Mafaili ya mfumo yako hivi, draiva ziko hivi, mipangilio iko hivi, programu ni hizi. Kumbukumbu hiyo ndiyo pointi ya kurejea. Siku ukiharibu, unaiambia kompyuta: rudi ulivyokuwa Jumanne. Inarudi Jumanne. Ulichoweka Jumatano kinaondoka, pamoja na balaa lake.

Cha kuzingatia ni kwamba inarudisha mwili wa kompyuta, haigusi kazi zako. Barua, picha na sauti zako hazirudi nyuma wala haziendi mbele. Hii ni habari njema na habari mbaya kwa pamoja. Habari njema ni kwamba ukirejesha mfumo hupotezi faili uliloandika jana. Habari mbaya ni kwamba kama ulifuta faili mwenyewe, au diski yenyewe imekufa, usiitegemee pointi ya kurejea, haikuwekwa kwa ajili hiyo. Watu wengi wanalala usingizi wakidhani wana akiba. Hawana akiba, wana njia ya kurudi nyumbani tu. Vilivyomo ndani ya nyumba ni juu yao.

Na kuna jambo la tatu: mara nyingi inakuja ikiwa imezimwa. Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 zinatoka hivyo, na mwenyewe hujui mpaka siku ya kilio. Dada aliponiuliza, "Uliwahi kuiwasha?" nilitaka kusema hapana. Kisha nikamkumbuka rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Siku niliyoinunua ile laptopu aliichukua, akacheza nayo nusu saa, akaniambia amenitengea asilimia tano ya diski kwa ajili ya ulinzi. Nilimgombeza. Nilimwambia ananimalizia nafasi ya muvi. Wadau, kama unasoma hapa kaka, wewe unajijua, samahani. Muvi zote zile sizikumbuki hata moja.

Dada akaizima laptopu na kuiwasha mara kadhaa mpaka yenyewe ikachoka, ikaleta ukurasa wa bluu wenye kutoa msaada. Inatakiwa hivyo, Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo inaleta ukurasa huo. Akachagua kutatua tatizo, akaingia kwenye chaguo za ndani, na pale pakawa na maneno System Restore. Akabonyeza. Ikaja orodha.

Mistari miwili tu. Mmoja wa wiki iliyotangulia. Mwingine wa siku ile ile, saa tano na dakika kumi na nne asubuhi, na mbele yake pameandikwa jina la ile draiva. Yaani wakati mimi nabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kompyuta yenyewe ilikuwa na wasiwasi kuliko mimi, ikajiwekea alama ya kurudia.

Tukachagua mstari huo. Kabla ya kuanza ikatoa onyo: ukianza usikatishe, na ukifanyia kwenye ukurasa huu huwezi kutengua. Dada akanitazama. Nikamwambia bonyeza. Akasema, "Betri yako ina ngapi?"

Betri ya laptopu ya mtumba mnaijua. Inategemea waya kama mtoto wa miezi miwili. Na kabla sijamjibu, umeme ukakatika. Sitanii. Feni ya ukutani ikaanza kupunguza mwendo, vijana wa barua za kazi wakaguna kwa pamoja, na laptopu ikaonyesha asilimia kumi na moja.

"Zima haraka," dada akasema. Tukazima.

Nilikaa kwenye benchi nje ya duka, nikatazama watu wanapita na baiskeli na mikungu ya ndizi. Nilimpigia Mama. Sikumwambia kitu, nilimuuliza tu kama wamefika kijijini. Akasema Bibi anauliza mume wake atafika saa ngapi. Mume wake ndiye mimi, kwa utani wa kwetu, mjukuu wa kiume ni mume. Akasema tena, "Bibi anasema amejiandaa kumsikia mzee." Nikakata simu.

Dada akafunga duka kwa muda, akaniambia nimfuate. Tulishuka upande wa ziwani mpaka kwa mzee mmoja anayechajisha betri za taa za wavuvi wa dagaa. Mnajua dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri, na betri zinachajiwa kwa sola. Sasa mwezi ulipokuwa karibu kujaa, wavuvi walikuwa mapumziko, kwa kuwa kwenye mbalamwezi taa haivuti dagaa. Kwa hiyo yule mzee alikuwa na betri zimejipanga ukutani, zimeshiba, hazina kazi. Alikuwa na inveta pia. Dada akamweleza kwa Kikerewe. Nilichoelewa ni neno "arobaini" na neno "sauti". Mzee hakusema kitu. Alibeba betri kubwa, akaiweka mezani, akachomeka inveta, akapima, akanipa waya.

Tulianza saa nane na nusu. Skrini ikaandika kwamba tusubiri, mafaili ya Windows yanarejeshwa. Dakika tano. Dakika kumi. Mnajua kile kipindi ambacho huwezi kujua kama kompyuta inafanya kazi au imekufa macho yakiwa wazi? Nilikaa humo dakika thelathini na nane. Mzee akaniuliza marehemu ni nani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akasema alimjua, waliwahi kuvua pamoja wakiwa vijana, na kwamba alikuwa mwoga wa maji kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanda naye mtumbwi. Hilo Babu hakuniambia kwenye rekodi! Kwenye rekodi yeye ndiye aliyekuwa shujaa na wenzake ndio waoga.

Laptopu ikajizima yenyewe. Ikawaka. Vidoti vikazunguka. Kisha pakatokea picha yangu ya mbele, ile ya mawe ya Bismarck pale Mwanza, na kijisanduku kinachosema mfumo umerejeshwa salama.

Sikushangilia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye folda. Rekodi tatu, zote. Nikabonyeza ya tatu. Babu akakohoa, akasema, "Haya, umeshawasha hicho kidude?"

Yule mzee wa betri alivua kofia.

Dada akatoa flashi mfukoni mwake, flashi yake mwenyewe, akanakili zote tatu kabla sijaomba. Kisha akasema maneno ambayo ningependa yabandikwe kwenye kila mlango wa fundi kompyuta nchini: "Kurejesha ni bahati. Kunakili ndiyo kazi." Nilipomlipa alichukua hela ya ratiba tu. Mzee wa betri hakuchukua kitu.

Jumamosi, baada ya misa na chakula, Mjomba akaweka spika juu ya kiti pale pale chini ya mwembe. Watu walikaa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuona arobaini. Tulisikia kikao cha kwanza kidogo, cha pili kidogo, kisha Mjomba akasema weka ile ya posa. Watu wakacheka pale Babu alipocheka. Wazee wakawa wanasahihisha, "Hapana, haikuwa mbuzi watatu, ilikuwa wawili!" Bibi alikaa mkekani amejifunika kitenge, hasemi. Babu akafika pale alipokuwa amesimama nje ya nyumba ya kina Bibi, jioni, ametumwa na baba yake, anaogopa kubisha hodi. Akasema, "Sasa yule mwenzako akatoka na mtungi kichwani, akaniona. Akaniambia..."

Kisha ikasikika sauti yangu: "Babu, simu imejaa."

Wadau, pale nilitamani ardhi ipasuke. Kila kitu kilichowahi kuwekwa kilikuwa kimerudi, salama salimini, mpaka kikohozi. Ila kisichowekwa hakikuwa na pointi ya kurejea. Watu wakageuka kumtazama Bibi. Mtu mmoja akauliza, "Ulimwambia nini, mama?" Bibi akajibu, "Muulizeni yeye," na watu wakacheka, na yeye akafuta macho.

Nimerudi Mwanza nikasoma zaidi habari ya mambo haya, si kwa ajili ya gazeti, kwa ajili yangu. Nikagundua kuna njia ambayo ningeweza kuitumia siku ile kutoa mafaili yangu kwanza kabla ya kujaribu dawa yoyote, ama kupitia ule ukurasa wa bluu wenyewe, ama kwa kuchomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Ndiyo kanuni: kwanza okoa mali, halafu tibu mashine. Nikakumbuka pia Julai 19, 2024, pale faili moja bovu la sasisho la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama viwanjani. Kampuni kubwa, wataalamu wa kila aina, na bado mashine nyingi zilihitaji mtu akae mbele yake, moja baada ya nyingine, alifute lile faili kwa mkono. Kwa hiyo si sisi wa laptopu za mtumba peke yetu. Kila mtu ataanguka siku moja. Swali ni kama aliacha alama njiani.

Basi, kabla hujafunga ukurasa huu, fanya hivi. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika "restore point". Litakuja dirisha dogo lenye orodha ya diski zako. Ukiona mbele ya diski C pameandikwa "Off", bonyeza kitufe cha mipangilio, iwashe, itengee asilimia tano ya diski au zaidi kidogo. Kisha tengeneza pointi moja leo, ipe jina. Usidhani itakaa milele, zinafutwa zenyewe mpya zikijaa. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2, tangu Juni 2025, hazitunzwi zaidi ya siku 60. Na kama bado uko Windows 10 kama mimi nilivyokuwa, ujue masasisho yake ya kawaida ya ulinzi yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ongeza uangalifu. Halafu, na hii ndiyo kubwa, chukua kile ambacho kikipotea utalia, kinakili sehemu mbili zaidi. Moja nyumbani, moja mbali na nyumbani. Usisubiri bando la usiku.

Mimi sauti za Babu sasa ziko kwenye flashi nne. Moja anayo Mjomba, moja Mama, moja iko kwangu, na moja aliomba yule mzee wa betri, anasema atawasikilizisha wavuvi wanaomkumbuka.

Nilitakiwa kurudi Mwanza Jumapili na meli. Asubuhi nikaenda kumuaga Bibi. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, amevaa gauni lake la misa, na kiti cha pili kiko mbele yake, kitupu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mume wangu, hicho kidude chako leo kina nafasi?"

Nikasema kina nafasi, Bibi.

"Haya kaa. Hakuwa ametumwa na baba yake. Huo ni uongo wake. Alikuja mwenyewe."

Meli iliondoka bila mimi. Nimeshanakili mara tatu.

Tuonane tena, wadau.